Tanuri Myron Alilomfungia Mama Yake

Simu ililia saa nne kasorobo asubuhi, Jumanne ya pili ya Januari, na Zenia akaipokea kama alivyozipokea kwa miaka kumi na tisa simu zote za wateja wa kaka yake, fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto, kalamu mkononi na daftari limefunguliwa mbele yake.

"Matengenezo ya Myron. Tanuri lako lina nini?"

Sauti ya Lorna, mwalimu mstaafu wa pale mjini Zoria, ikasema polepole, "Zenia, tanuri halina neno. Limewaka. Ni Myron mwenyewe. Amelimaliza, akakaa kwenye ngazi, akasema ngoja nipumzike kidogo. Nimempelekea kahawa nikamkuta ameegemea ukuta. Watu wa ambulensi wapo hapa. Wamejitahidi sana, Zenia. Sasa wamemfunika."

Zenia alikuwa ameshaandika jina la Lorna na saa ya simu. Hakuandika zaidi. Aliuliza kama kaka yake alisema neno lolote jingine, Lorna akajibu kwamba hapana, alisema tu apumzike kidogo. Akashukuru, kwa kuwa alilelewa kushukuru, akaweka simu chini.

Jikoni, mama yao Teklia, bibi wa miaka themanini na minane, alikuwa amekaa mezani na kile kibomba chembamba cha oksijeni chini ya pua, anatengeneza pirohi. Kila kifuko cha unga alikitia viazi, akakikunja, akakifinya kingo.

"Nani huyo?"

"Lorna, Mama."

"Tanuri lake tena? Mwambie anunue jipya. Miaka arobaini anafundisha hesabu, kujumlisha kwenyewe hajui."

Zenia akavuta kiti, akakaa karibu, akamshika kifundo cha mkono juu kidogo ya unga, akamwambia. Aliyasema maneno machache, moja baada ya jingine, bila kuyazungusha. Mama Teklia hakulia kwa sauti. Alimtazama binti yake kama mtu anayesubiri sentensi iishe, na alipoona imeisha, akamalizia kufinya kile kifuko kilichokuwa mkononi, akakipanga kwenye trei pamoja na wenzake. Kisha akasema, "Washa mshumaa," na kichwa chake kikalala juu ya meza, ndani ya unga.

Myron Pidlubny alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hakuoa. Aliishi na mama yake katika nyumba ileile ya shambani alimozaliwa, kilomita saba nje ya mji, na Zenia alipofiwa na mumewe akarudi hapo, Myron akampa chumba chenye jua na kazi ya kupokea simu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kanisani aliimba sauti ya nne, akiwa nyuma kabisa, na watu waliokaa mbele yake walisema ni kama kuketi karibu na injini. Majira ya baridi alifanya kazi siku sita, na ya saba alisali, na hata hiyo ya saba ulipomwona anachungulia saa wakati wa mahubiri ulijua kuna mtu mahali fulani nyumba yake imepoa.

Alikuwa na msimamo mmoja usiotikisika. Mteja akimwambia, "Myron, ruka hicho kidude, liwashe tu," alijibu, "Tanuri likikataa lina sababu. Anayelilazimisha ndiye hana." Wengine waliudhika, wakamwita mzee wa sheria. Zenia alijua msimamo huo ulitoka wapi. Mwaka mmoja, zamani, Myron aliitwa katika nyumba ambayo mwenye nyumba alikuwa ameunganisha waya ili tanuri liwake kwa nguvu. Alirudi nyumbani, hakula siku mbili, na alichokiona humo hakumsimulia mtu hadi anakufa.

Sasa basi. Huku kwetu mtu akifiwa haulizwi anahitaji nini. Unachukua beleshi unakwenda kwake. Theluji ilianguka usiku wa Jumanne, na Jumatano asubuhi majirani saba walikuwa uani kwa akina Pidlubny wanasafisha njia, ili watu wapate kuja kwenye sala za jioni. Aliyewaongoza ni Nestor Tkachyk, jirani wa karibu zaidi, aliyesoma darasa moja na Myron. Theluji yote waliyoitoa njiani Nestor hakuitupa ovyo. Aliisogeza kwenye kuta za nyumba, akaishindilia kwa mgongo wa beleshi mpaka usawa wa kiuno, kama baba yake alivyofanya na babu yake kabla yake. Nyumba ikivikwa theluji miguuni, upepo haupiti chini ya sakafu. Alifanya kazi ile peke yake, wenzake walipokuwa ndani wanakunywa chai, na Zenia alimwona dirishani anafuta uso kwa glavu, akajua si jasho.

Jioni mbili mfululizo nyumba ilijaa. Walisoma zaburi kwa zamu mbele ya picha ya Myron, mkate wa maziko ulioviringwa kama msuko umewekwa mezani na mshumaa katikati yake. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Mama Teklia alisema neno moja kwa kila aliyemshika mkono, "Namwomba Mungu nimfikishe kaburini. Nikishamfikisha, aniite atakapo."

Alhamisi usiku upepo ukageuka kutoka kaskazini.

Ijumaa saa tatu asubuhi Zenia alikuwa akichemsha maji ndipo akagundua anachokisikia. Alisikia upepo, na mashine ya oksijeni ikikoroma chumbani kwa mama yake. Pumzi ya joto inayotoka kwenye matundu ya sakafuni hakuisikia. Akainama akaweka kiganja juu ya tundu. Kilichotoka kilikuwa baridi.

Nje ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, na hapo upepo hujauhesabu. Ghala, hatua arobaini kutoka mlangoni, halikuonekana. Redio ilisema barabara zote za wilaya zimefungwa na hata magari ya kusukuma theluji yamerudishwa. Kidhibiti joto ukutani kilionyesha nyuzi kumi na sita ndani ya nyumba. Daktari alikuwa amemwambia Zenia waziwazi: mapafu ya mama yako yakishikwa na baridi yatafunga, na yakifunga, mashine hiyo haitayafungua.

Akapiga simu ya dharura. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Akamwambia hakuna gari litakalofika kwao leo, na kwamba wakisikia harufu ya gesi watoke nje. Zenia akatazama dirishani kule nje alikoambiwa atokee, akashukuru, akakata.

Fundi wa matanuri wa Zoria alikuwa mmoja tu, na alikuwa amelala mjini ndani ya jeneza.

Alimvika mama yake soksi juu ya soksi, akamfunika mablanketi mawili ya manyoya na koti la Myron juu yake, akamwekea miguuni kile kihita kidogo cha umeme walichokuwa nacho. Jiko la kupikia lilikuwa la gesi. Alifikiria kuliwasha na kuacha mlango wake wa kuokea wazi, akaliacha wazo hilo. Wateja wangapi alikuwa amewakataza jambo lilelile kwa mdomo wake mwenyewe, Myron akiwa amesimama nyuma yake anatikisa kidole?

"Unanifunga kama maiti," Mama Teklia akasema.

"Tanuri limezima, Mama. Nateremka kuliangalia."

"Wewe?"

"Kwani kuna nani mwingine?"

"Chukua tochi nzuri. Siyo ile ya plastiki."

Maswali Zenia aliyajua yote. Kwa miaka kumi na tisa aliwauliza wateja maswali yaleyale kwa mpangilio uleule Myron aliomfundisha, ili akifika ajue aanzie wapi. Mkono wake ndio ulikuwa haujawahi kugusa tanuri. Akashuka ngazi za chumba cha chini, akasimama mbele ya lile kabati la bati la kijivu lenye urefu wa mtu, akapiga ishara ya msalaba, kisha akaanza kujiuliza mwenyewe kwa sauti, kama vile aliyepiga simu ni yeye na aliyeipokea ni yeye.

"Kidhibiti cha ukutani umekiweka kwenye joto?" Nimekiweka. "Umekipandisha juu ya joto lililopo?" Nimepandisha hadi ishirini na mbili. "Swichi ya pembeni mwa tanuri?" Akaitazama. Iko juu, imewashwa. "Sanduku la umeme, hakuna swichi iliyoruka?" Akaenda akamulika. Hakuna. "Koki ya gesi, mpini umelala sambamba na bomba?" Umelala sambamba. "Jiko la jikoni linawaka?" Linawaka, nimechemsha chai. "Chujio?" Akalivuta. Lilikuwa jeupe, Myron alilibadilisha Jumapili baada ya kutoka kanisani. Akalishika kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akalirudisha.

"Mlango wa chini umebana sawa?" Ulibana. "Taa ndogo ndani ya kile kidirisha inakonyeza mara ngapi?"

Akapiga magoti. Taa nyekundu ikakonyeza mara tatu, ikatulia. Mara tatu tena.

Upande wa ndani wa mlango kulikuwa na karatasi ya maelezo. Kukonyeza mara tatu, ilisema, swichi ya hewa haikufunga. Hilo Zenia alilielewa, kwa kuwa Myron aliwaeleza wateja hivyo kila siku. Tanuri la siku hizi haliwashi moto hovyo. Kwanza feni ndogo inavuta hewa na kusukuma moshi nje. Hewa ikienda vizuri, swichi ndogo yenye ngozi kama ngoma inavutika na kutoa ruhusa. Ndipo kiwashio kinakuwa chekundu, ndipo gesi inafunguliwa. Hewa isipokwenda, ruhusa haitoki.

Akazima, akangoja, akawasha. Feni ndogo ikaanza kuzunguka, ikavuma, ikavuma. Zenia akawa anahesabu bila kujua. Alipofika arobaini feni ikasimama. Mara tatu, ikakonyeza.

Alipopanda juu kidhibiti cha ukutani kilisema nyuzi kumi na tatu. Mama Teklia alikuwa amefumba macho, rozari mkononi, na kati ya salamu moja na nyingine palikuwa na kikohozi ambacho asubuhi hakikuwapo. Zenia akampigia Nestor.

Nestor alifika saa sita na nusu, kwa pikipiki ya theluji, akifuata nguzo za uzio moja baada ya moja kwa sababu hakuona zaidi ya nguzo moja mbele. Trekta lake halikuwaka, dizeli ilikuwa imegeuka uji. Aliingia akiwa mweupe kuanzia kofia hadi viatu, na masharubu yake yamekuwa kipande kimoja cha barafu.

"Nestor," Mama Teklia akasema bila kuinua kichwa, "hayo masharubu umekuja nayo ya nini? Sisi barafu tunayo."

"Nimekuletea akiba, Mama."

"Kaa mbali nami. Unanipulizia baridi."

Alicheka, lakini Zenia alimwona anavyomtazama midomo. Ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Nestor akamvuta Zenia pembeni. "Kwenye pikipiki hatutamfikisha kwangu. Dakika ishirini kwenye upepo ule, hapana."

"Najua. Twende chini."

Waliangalia walichoweza. Ule mpira mwembamba uliounganisha feni na swichi, Nestor akauchomoa, akaupuliza, ukapita. Mfereji mdogo wa kutolea maji ya tanuri, Zenia akaufungua, maji kidogo yakatoka, safi. Wakarudisha. Wakawasha. Feni ikavuma. Taa, mara tatu.

Nestor akavua glavu, akatoa mfukoni kipande cha waya chenye vibanio viwili. "Basi ni swichi yenyewe imekufa. Nitairuka. Kwenye mashine yangu ya kukaushia ngano nilifanya hivi msimu mzima."

"Mashine yako iko uwanjani, Nestor. Hulali ndani yake."

"Ni kwa leo tu. Upepo ukitulia tunampeleka mjini."

"Kama si swichi? Kama moshi hautoki?"

"Utatoka. Feni unaisikia inazunguka."

Alikuwa ameshabana kibanio kimoja. Zenia alikuwa ameshika tochi, akimmulikia mkono. Kutoka juu kikashuka kikohozi cha mama yake, kirefu, kikavu, kisichopata mwisho. Alijua kwamba akikaa kimya sekunde tatu tu, moto ungewaka. Angesikia gesi inashika, na joto lingepanda kwenye matundu, na mama yake angefumbua macho.

"Toa," akasema.

"Zenia."

"Toa, Nestor."

Nestor akageuka, na alikuwa na hasira, hasira ya mtu anayeogopa. "Joto la juu ni ngapi? Kumi? Tisa? Unataka tuzike wangapi?"

"Moshi ukibaki humu tutazikwa watatu, na wewe utakuwa mmoja wao. Kaka yangu hakumfanyia hivyo mtu yeyote. Siwezi kulifanya hilo ndani ya nyumba ya mama yake, hata kabla Myron hajaingia kaburini. Toa."

Akatoa. Akaukunja waya, akautia mfukoni, akakaa kwenye ngazi ya mwisho na mikono katikati ya magoti. Zenia akamwomba Mungu kimoyomoyo, bila maneno mazuri. Bwana, usinichukulie wawili kwa mpigo. Nionyeshe.

Kisha akarudi kwenye maswali, maana hakuwa na kingine. "Inasema hewa haipiti," akasema. "Sawa. Tuiamini. Inapita wapi?"

"Kwenye dohani. Wapi tena?"

"Hapana. Dohani haina kazi tangu Oktoba. Lile tanuri kuukuu alilitoa. Hili linapumulia ukutani, kwa bomba la plastiki." Akamulika juu. Bomba jeupe lilitoka kwenye feni, likapanda, likatembea chini ya dari na kutokomea kwenye ukuta wa kaskazini. "Alitoboa siku ya mavuno ya viazi. Mama alimsema siku nzima. Alisema amemharibia ukuta wake pale kwenye mti wa maua ya lila."

Zenia alipommulika, aliona uso wake umebadilika.

"Upande wa lila," Nestor akasema.

"Ndiyo."

"Usawa gani?"

Zenia akaweka mkono kiunoni mwake kuonyesha, na kabla hajaushusha wote wawili walikuwa wameshajua.

"Pale ndipo nilipoweka nyingi," Nestor akasema. "Kwa sababu ndiko upepo unakotoka. Nikashindilia. Zenia, nilishindilia kwa mikono yangu."

"Simama. Tutalia baadaye."

Walitoka na mabeleshi mawili, wakaenda ukutani bega kwa bega, kiganja kimoja kila mara kikigusa mbao, kwa sababu hatua tano mbali na nyumba ile siku ile mtu angeweza kupotea na kupatikana Aprili. Upande wa kaskazini hapakuwa tena na ukuta. Theluji ya Nestor ilikuwa imekusanya theluji ya tufani, na yote ilikuwa imeinuka kilima kimoja hadi chini ya madirisha, ngumu kama chumvi ya mawe. Wakachimba. Nestor alichimba kama mtu anayemtafuta mtoto. Zenia alimpigia kelele apunguze nguvu, plastiki ikivunjika hawana nyingine, lakini upepo ulibeba maneno akalazimika kumshika mkono. Wakamaliza kwa glavu. Vidole vya Zenia vilikuwa vimeacha kuuma, na hilo alijua si jema, ndipo Nestor akagonga kitu kilicholia kama kikombe.

Ilikuwa mdomo wa bomba, na ndani yake barafu imejaa kama kizibo kwenye chupa. Siku mbili pumzi ya tanuri lenyewe ilikuwa imejitobolea njia katika theluji, hadi tufani ilipoiziba, na kilichoyeyuka kikaganda tena. Zenia akarudi jikoni akachukua mwiko mrefu wa mbao. Kizibo kilitoka vipande vipande. Nestor akatia vidole ndani kuhakikisha.

Wakateremka chini, barafu ikiwadondoka kwenye ngazi. Zenia akazima swichi, akangoja dakika moja nzima kwa saa ya mkononi, kama Myron alivyotaka wateja wangoje. Akawasha. Feni ndogo ikazunguka. Wakasimama wameinama, mashavu yao karibu kugusana mbele ya kidirisha. Feni ikavuma. Ikavuma. Ikasimama.

Mara tatu.

Nestor akageuzia uso wake ukutani. Zenia alipanda juu kwa kushika reli. Ukuta ulisema nane. Akapiga magoti kando ya mama yake, akachukua mikono yake, ikawa haijulikani ipi ni baridi zaidi.

"Tumelizibua bomba, Mama. Bado limekataa."

Mama Teklia akafumbua macho. Alizungumza kwa neno moja moja, na kati ya maneno alisubiri hewa. "Mmezibua mangapi?"

"Bomba? Moja."

"Alinitobolea mawili."

"Mama, una hakika?"

"Nilimgombeza. Akaleta chai. Tukanywa. Halafu akanitoboa tena." Akapumua. "Nikamgombeza tena. Akasema, Mama, moja linatoa na moja linavuta. Nikamwambia hata mimi ninavyo viwili puani lakini sikutoboa ukuta wa mtu."

Nestor, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakungoja zaidi. Zenia alimkuta nje ameshapiga magoti, anachimba kushoto, kisha kulia, na la pili lilikuwa kulia, chini zaidi, karibu na shina la lila, limeinamisha mdomo chini na kujaa unga wa theluji. Walilisafisha mpaka lisikike wazi ukilipuliza, kisha wakachimba shimo pana mbele ya yote mawili hata upepo usipate cha kurudisha.

Mara hii Zenia hakuweza kutazama. Alimwachia Nestor kidirisha, yeye akasimama na mkono kwenye swichi akasali Baba Yetu. Akawasha alipofika kwenye maneno mkate wetu wa kila siku. Feni ikavuma. Kisha, ndani ya bati, kitu kidogo kikasema tik.

"Imefunga," Nestor akanong'ona. "Kiwashio kinakuwa chekundu. Chekundu, Zenia. Kinakuwa cheupe. Ngoja. Ngoja."

Gesi ikafunguka, na moto ukashika kwa sauti kama ya mtu anayepumua mara moja kwa nguvu. Ukasimama pale, buluu, mstari baada ya mstari. Walisubiri uzime. Haukuzima. Baada ya dakika feni kubwa ikaamka, na juu yao, katika nyumba nzima, matundu yakaanza kupumua.

Ilikuwa saa tisa na robo. Saa kumi na moja ukuta ulisema kumi na tano, na midomo ya Mama Teklia ilikuwa imerudiwa na rangi. Zenia alimpa supu ya viazisukari vyekundu kwa kijiko. Nestor alikuwa amekaa kitako sakafuni, viatu mbali, miguu juu ya tundu la joto, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Nisamehe, Mama. Nilitaka upate joto."

"Baba yako aliivika nyumba hii theluji kila mwaka," Mama Teklia akasema, "na mume wangu alimshukuru kila mwaka. Nami nakushukuru. Mwakani, kavike ya kwako." Akafungua mdomo kupokea kijiko kingine. Alipomeza akauliza, "Barabara?"

"Redio inasema Jumapili," Zenia akajibu.

"Basi Jumatatu nitamfikisha."

Upepo ulikufa Jumamosi mchana. Jumapili magari ya kusukuma theluji yalipita, na wachimba kaburi waliwasha makaa juu ya ardhi kwenye makaburi ya kanisa, wakayafunika mabati, wakayalinda hadi asubuhi, kwa sababu ardhi ilikuwa imeganda kwa kina cha mtu hadi kifuani.

Jumatatu kanisa lilijaa na wengine wakasimama barazani. Lorna alikuja na wanafunzi wake wa zamani wanne, watu wazima wenye mvi, ambao Myron alikuwa amewafanyia kazi nyumba zao. Kwaya iliimba, na mstari wa nyuma ulikuwa na pengo ambalo hakuna aliyejisogeza kuliziba. Baada ya ibada jeneza likafunguliwa mara ya mwisho. Mama Teklia alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi mbele, mtungi mdogo wa oksijeni mapajani. Alimbusu mwanawe paji la uso, akamwekea sawa ukosi wa shati, akasema, "Nenda, mwanangu. Nimekufikisha." Zenia akambusu baada yake. Alikuwa baridi, naye akajizuia asimfunike.

Makaburini walikaa muda mfupi, kwa sababu ya baridi. Wanaume sita wakamshusha kwa mikanda, Nestor akiwa upande wa kichwa. Padri Roman akachukua beleshi, akaweka alama ya msalaba kwenye kingo nne za kaburi, akasema kaburi hili limetiwa muhuri hadi ujio wa pili wa Bwana wetu. Waliimba "kumbukumbu ya milele" mara tatu. Mama Teklia akatupa bonge la udongo, kisha Zenia, kisha watu wote kwa mstari. Wanaume wakafukia hadi juu, wakaweka mashada, wakasimamisha msalaba wa mbao wenye jina na miaka yake.

Kisha wakampakia Mama Teklia garini, na watu wakaenda ukumbini kula.